Mruko wa Fundi wa Mabomba

Yuko mtu mmoja mfupi, mnene, mwenye kofia nyekundu na masharubu meusi, ambaye hakuzaliwa na mama wala hatazikwa popote, lakini sura yake yajulikana duniani kuliko sura za wafalme wengi. Jina lake ni Mario. Waliomwumba wanasema kuwa kazi yake ni ufundi wa mabomba. Walakini, msomaji, hutamwona akifunga bomba hata siku moja. Kazi aifanyayo machoni petu ni kukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, na kuruka. Huruka mashimo, huruka kobe wenye hasira, huruka mito ya moto, na amekuwa akiruka tangu mwaka wa 1981. Tarehe 20 Oktoba 2023 alitolewa tena katika mchezo mpya wa video uitwao Super Mario Bros. Wonder, na katika majuma mawili tu nakala 4,300,000 za mchezo huo zikauzwa. Miongoni mwa wanunuzi walikuwamo watu wazima wengi, wenye kazi na watoto, ambao walimjua Mario walipokuwa wadogo.

Watu hao walinunua nini? Ukiwauliza watakuambia kuwa wamenunua mchezo mpya. Lakini ukiwatazama nyuso zao wanapousikia mlio wa sarafu ya kwanza, utadhani wamenunua siku ya zamani. Hili ndilo jambo ninalotaka tulichunguze pamoja. Historia si habari za vita na mikataba peke yake. Kitu cha zamani kinapotolewa upya, hapana budi aliyekitoa achague ni nani atakayesema naye: yule anayekumbuka, au yule asiyekumbuka lolote? Mario amekabiliwa na uchaguzi huo mara nyingi, na majibu yake hayakuwa mamoja.

Kampuni iliyomleta duniani ni Nintendo, ya mji wa Kyoto nchini Japani. Ilianzishwa mwaka wa 1889, na kwa miaka mingi biashara yake ilikuwa karata zenye picha za maua, ziitwazo hanafuda. Baadaye iliingia katika vitu vya watoto, na kisha katika mashine za michezo zinazotumbukizwa sarafu. Mwaka wa 1980 ilitengeneza mashine iitwayo Radar Scope na kupeleka kama 3,000 Marekani. Huko theluthi moja tu zikauzwa. Zile 2,000 zilizosalia zikakaa ghalani. Ili kuokoa mali, kijana mmoja mchoraji, Shigeru Miyamoto, aliyeajiriwa mwaka wa 1977, aliagizwa abuni mchezo mwingine utakaoweza kutiwa ndani ya mashine zile zile. Akabuni Donkey Kong: sokwe amemteka mwanamke na kupanda naye juu ya jengo, na seremala mdogo anapanda ngazi kumfuata huku akiruka mapipa yanayobingirishwa kutoka juu. Mchezo huo ulitoka mwaka wa 1981, na ile hasara ya ghalani ikageuka kuwa utajiri.

Seremala huyo mwanzoni hakuwa na jina; aliitwa Jumpman tu, yaani mtu wa kuruka. Hata sura yake haikutokana na kupenda. Picha za siku zile ziliundwa kwa nukta chache mno za rangi, kama vile mkeka unavyosukwa kwa ukindu wa rangi mbalimbali. Nywele zilikuwa taabu kuchora, basi akavikwa kofia. Kinywa hakikuweza kuonekana, basi akapewa masharubu, nayo yakalidhihirisha pua. Mikono haikutambulikana kifuani, basi akavikwa suruali yenye kanda za mabegani ili rangi ya mikono iachane na rangi ya mwili. Upungufu ndio uliomwumba. Jina lake nalo lilitoka ghalani Marekani, kwa mwenye nyumba Mario Segale, ambaye kampuni ilikuwa imepanga jengo lake. Husimuliwa kuwa alikuja kudai kodi yake kwa ukali, na wafanyakazi wakambandika mchoro ule jina lake. Mwaka wa 1983, katika mchezo wa Mario Bros. uliokuwa na mabomba kila upande, useremala ukaachwa akawa fundi wa mabomba, na ndugu yake Luigi akazaliwa.

Mwaka huo huo biashara ya michezo ya nyumbani Marekani ilianguka vibaya. Maduka yalijaa michezo mibovu isiyonunulika, hata kampuni ya Atari ikazika kaseti zake jangwani karibu na mji wa Alamogordo, New Mexico. Watu walipokwenda kuchimba mahali hapo mwaka wa 2014 walizikuta. Nintendo, kwa upande wake, ilikuwa imeanza kuuza Japani mashine ya nyumbani iitwayo Famicom mnamo Julai 1983. Kwa mashine hiyo, tarehe 13 Septemba 1985, Miyamoto na mwenzake Takashi Tezuka walitoa Super Mario Bros.

Mchezo mzima, pamoja na hatua zake 32, picha zake na muziki wake uliotungwa na Koji Kondo, uliingia katika kilobaiti 40. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi huuzidi ukubwa huo mara nyingi. Ndiyo maana wingu la angani na kichaka cha chini ni mchoro mmoja. Rangi tu imebadilishwa. Ukiambiwa hivyo mara ya kwanza utacheka, na tangu siku hiyo hutaweza tena kukitazama kichaka kile bila ya kuliona wingu.

Tuiangalie hatua ya kwanza, kwa maana ni somo kubwa la ualimu. Mtu wa mwaka wa 1985 hakuwahi kuona mchezo wa namna ile, wala hakuna maandishi yanayomfundisha. Mario amesimama kushoto, na kulia kwake ni nafasi tupu. Macho yenyewe yakuambia uelekee huko. Anatokea kiumbe mfupi wa rangi ya kahawia, mwenye umbo la uyoga na uso wa chuki, akikujia polepole. Ukimgusa wafa, lakini ulikuwa bado hujasafiri popote, kwa hiyo hukupoteza kitu. Mara ya pili waruka. Kichwa chagonga tofali lenye alama ya kuuliza, sarafu yaruka, mlio wa furaha wasikika. Tofali lingine latoa uyoga. Hapa pana hila: uyoga huo ni mwema, lakini wewe umekwisha kujifunza kuogopa vitu vyenye umbo hilo. Wakimbia kulia, wateremka chini, wagonga bomba, warudi kukujia. Ukijaribu kuuruka, matofali yaliyo juu yako yakurudisha chini, na aghalabu wauangukia. Mario akua, nawe wafahamu kuwa si kila kinachokujia ni adui. Yote hayo yapita katika muda mfupi kuliko ule nilioutumia kukueleza. Miyamoto amesema kuwa hatua hiyo ya kwanza ilitengenezwa baada ya nyingine nyingi kumalizika, na siwezi kustaajabu. Mwalimu hawezi kuandika somo la kwanza kabla ya kujua la mwisho.

Mchezo wa mwaka wa 1985, basi, ulitengenezwa kwa ajili ya mtu asiyekumbuka chochote. Hapana aliyekuwa na chochote cha kukumbuka.

Sasa angalia kilichotokea mwaka mmoja tu baadaye. Mwaka wa 1986 Wajapani waliuziwa Super Mario Bros. 2. Picha ni zile zile, kobe ni wale wale, lakini sasa kuna uyoga wenye sumu, pepo zinazokusukuma, na mapengo yaliyopimwa kikatili. Mchezo huo ulitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuushinda ule wa kwanza. Kila alichofundishwa sasa kilitumiwa kumtega. Watu wa Nintendo waliokuwa Marekani waliuona kuwa mgumu kupita kiasi, wakakataa kuuza. Badala yake wakachukua mchezo mwingine wa Kijapani, Yume Kojo: Doki Doki Panic, wakafuta nyuso za wahusika wake na kuweka nyuso za Mario na wenzake, wakauuza mwaka wa 1988 kwa jina la Super Mario Bros. 2. Kwa hiyo Wamarekani wakakua na kumbukumbu ambayo Wajapani hawakuwa nayo, na Wajapani wakakua na nyingine. Mchezo ule mgumu haukufika Marekani hata mwaka wa 1993, tena ndani ya mkusanyo. Tangu mwanzo kabisa, kabla hata ya neno la kutamani ya kale kuingia katika jambo hili, swali la nani anayekumbuka nini lilikuwa limekwisha kuleta tabu.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Super Mario Bros. 3 ilitoka Japani mwaka wa 1988, na Super Mario World mwaka wa 1990. Wengi huona kuwa hapo ndipo ufundi wa namna hiyo ulipofika kileleni. Mwaka wa 1996 ikaja Super Mario 64, ambamo Mario hakukimbia tena kushoto na kulia peke yake, bali aliweza kwenda mbele, nyuma na kuzunguka, kama mtu uwanjani. Dunia ikamfuata huko. Ule mchezo wa zamani wa upande mmoja ukaonekana kuwa kitu cha utotoni, kama kaptula. Baada ya Super Mario Land 2 ya mwaka wa 1992, iliyochezwa katika mashine ndogo ya mkononi, ilipita miaka 14 bila ya mchezo mpya wa namna ile ambao Mario ndiye mwenye kukimbia.

Miaka 14 ni mingi. Mtoto wa miaka 8 huwa mtu wa 22, mwenye mshahara. Nintendo ilipotoa New Super Mario Bros. mwaka wa 2006, kwa mashine ya mkononi iitwayo DS, mtu huyo alikuwa akingoja bila kujua kuwa anangoja. Nakala zaidi ya milioni 30 ziliuzwa. Mwaka wa 2009 ukatoka mwingine wa mashine ya Wii, nao ukazidi milioni 30. Huo wa pili wastahili sifa ya pekee, kwa sababu watu wanne waliweza kucheza pamoja katika kioo kimoja, wakisukumana, wakinyanyuana na kutupana shimoni. Ndugu waliokuwa wakipendana wakagombana kwa ajili yake. Mimi naona hiyo ni alama ya mchezo mzuri.

Walakini mwaka wa 2012 ilitoka miwili mfululizo, na hapo uchovu ukaonekana. Jina lilikuwa New, yaani mpya, lakini mambo yalikuwa yale yale: kwanza nchi ya majani, kisha jangwa, mwishoni moto na ngome, muziki ule ule wenye sauti za kuitikia, ambao hata kobe walisimama kuuchezea. Kumbukumbu ilikuwa imegeuzwa bidhaa ya kiwandani. Mtu alijua kitakachotokea kabla hakijatokea, akalipa, kikatokea. Si kwamba michezo hiyo ilikuwa mibaya. Ilikuwa imetengenezwa vizuri mno, kama kiti cha fundi hodari. Lakini nani aliyewahi kusimulia habari za kiti?

Usidhani kuwa biashara ya kumbukumbu iliishia hapo. Mwaka wa 2016 Nintendo iliuza mashine ndogo iliyofanana na ile ya miaka ya 1980, yenye michezo 30 ya zamani ndani yake. Mwezi Septemba 2020, ili kuadhimisha miaka 35 ya Super Mario Bros., iliuza mkusanyo wa michezo mitatu ya zamani kwa sharti la ajabu: kwamba baada ya tarehe 31 Machi 2021 haitauzwa tena. Kitu kisichooza, kisicho na msimu kama maembe, kiliwekewa msimu kwa makusudi ili watu wakimbilie. Na mnamo Agosti 2021 kaseti moja ya Super Mario Bros. iliyokuwa bado imefungwa katika karatasi yake ya dukani iliuzwa Marekani kwa dola milioni 2. Fikiri, msomaji: thamani yake yote ilitokana na kuwa hakuna mtoto aliyewahi kuicheza.

Labda utasema kuwa haya ni mambo ya Wajapani na Wamarekani, nasi hayatuhusu. Yatuhusu kidogo. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa karne hii, mashine za bei nafuu zilizoigwa kutoka Famicom ziliuzwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki, pamoja na kaseti zilizoandikwa kuwa zina mamia ya michezo, ilhali michezo yenyewe ilikuwa michache iliyorudiwarudiwa. Nintendo haikupata senti moja katika biashara hiyo, wala jina lake halikuandikwa juu ya mashine hizo. Wako wazee wako, pengine mjomba au shangazi, waliomrukisha Mario shimo la kwanza bila ya kujua anatoka nchi gani. Ukitaka kujua, waimbie ile sauti ya mwanzo ya muziki wa Kondo, kisha utazame vidole gumba vyao.

Nasema vidole kwa makusudi. Watu hudhani kuwa kumbukumbu ya mchezo hukaa katika picha. Lakini picha za Mario zimebadilishwa mara nyingi, na hakuna aliyelalamika sana. Kilichohifadhiwa kwa uangalifu ni uzito wa mruko wake. Ukikibonyeza kitufe kidogo, aruka kidogo. Ukikishikilia, apanda juu zaidi. Akikimbia kwa kasi hawezi kusimama ghafula, bali huteleza kama mtu aliyevaa kandambili penye maji. Akiwa hewani bado waweza kumvuta nyuma kidogo, jambo ambalo hakuna kiumbe wa kweli awezalo. Sheria hizo huingia katika mkono wa mtoto na kukaa humo kama kuendesha baiskeli. Mtu asiyecheza kwa miaka 20 hupewa kishikio, na baada ya mashimo mawili matatu mkono wake huamka.

Hilo ndilo lililowakabili waliotengeneza Super Mario Bros. Wonder. Tezuka, aliyekuwapo mwaka wa 1985, alikuwa sasa msimamizi mkuu, na mwongozaji alikuwa Shiro Mouri. Wameeleza wenyewe kuwa walijiuliza kwa nini mambo yaliyokuwa siri na maajabu katika mchezo wa kwanza yalikuwa sasa mambo ya kawaida. Zamani mtu aliingia katika bomba akajikuta mahali pengine, akapigwa na butaa. Leo kila mtu ajua kuwa bomba laweza kuingiwa. Tezuka akatoa shauri: badala ya kumhamisha Mario kwenda mahali pengine, kwa nini wasipabadilishe mahali pale pale alipo? Wakubwa wakakubali kazi ianze bila ya tarehe ya kumalizia, na watengenezaji wakaandika mawazo yao juu ya vipande vidogo vya karatasi, yapata 2,000. Mengi yalikataliwa. Mojawapo lilikuwa Mario mwenye umbo la mtu wa kweli, akiuimba muziki kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi nashukuru kuwa halikupita, ingawa ningependa kuliona mara moja.

Basi tuucheze. Mario na wenzake wamealikwa katika Ufalme wa Maua, ambao mwana wa mfalme wake ni kiwavi aitwaye Florian. Adui wa siku zote, Bowser, ajitokeza, aligusa ua la ajabu, naye aungana na ngome na kuwa jengo linaloruka angani lenye uso wake. Hakuna haja ya kujua zaidi. Wachagua mmoja katika wahusika 12, na waanza kukimbia kulia, kama siku zote. Kuna majani, kuna mabomba, kuna matofali. Mkono wako waamka. Wajiambia, "Ah, hapa napajua."

Kisha walikuta ua la rangi ya samawi, wakaligusa. Rangi za dunia zageuka. Mabomba yale ya kijani, ambayo kwa miaka 38 yalisimama kama nguzo, yaanza kujinyonga na kutambaa kama viwavi, yakipanda na kushuka huku wewe umesimama juu yao. Kitu kilichokuwa imara kuliko vyote katika kumbukumbu yako kimekuwa hai. Wacheka bila kutaka, kisha waanguka. Ukiipata mbegu iliyofichwa mwishoni mwa vurugu hiyo, dunia yatulia ikawa kama ilivyokuwa.

Katika hatua ya pili yale maua yenye meno, ambayo tangu zamani hayakuwa na kazi ila kuchungulia kutoka katika mabomba na kuuma, yatoka nje, yapanga mstari na kuandamana yakiimba. Katika nyingine kundi la wanyama kama vifaru lakimbia mbio likibomoa kila kitu, nawe umepanda migongoni mwao. Katika nyingine wewe mwenyewe hugeuzwa adui: Mario awa kile kiumbe kifupi cha kahawia cha mwaka wa 1985, hawezi kuruka wala kupigana, naye lazima anyemelee vichakani asionekane. Mara ya kwanza nilipoiona hatua hiyo niliinuka kitini. Anayejua historia ya kiumbe huyo atacheka kwa sababu moja, na mtoto asiyejua atacheka kwa sababu nyingine, lakini watacheka kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo mchezo huu unapotofautiana na ule wa 1986 na ule wa 2006. Wa kwanza ulimtega anayekumbuka. Wa pili ulimlisha anachokikumbuka. Huu wamnyang'anya faida yake. Baba aliyecheza miaka 30 na binti yake wa miaka 7 walifikapo penye ua la ajabu, hakuna ajuaye zaidi ya mwenzake, na pengine binti atatangulia kufahamu, maana hana mazoea yanayomzuia. Watengenezaji wamewasaidia kwa njia nyingine pia. Hakuna tena saa inayohesabu kurudi nyuma katika hatua za kawaida, wala hakuna alama za kujumlisha. Wachezaji waliokaa pamoja hawasukumani tena kama katika mchezo wa Wii. Mtoto mdogo aweza kuchagua Yoshi, yule joka mpole, ambaye adui hawezi kumdhuru. Na maua madogo yaliyosimama njiani hukusemesha, yakikusifu au kukuonea huruma ukiwa peke yako.

Yapo ya kulaumiwa. Vita vya kwenye ngome ni vichache na vinafanana; mwana wa Bowser hurudi tena na tena na hila zinazokaribiana, kama mwanafunzi aliyekariri jibu moja kwa maswali yote. Maua yenye kusema huchosha mwishoni, ingawa waweza kuyanyamazisha. Na Mario anapogeuka tembo kwa kula tunda, akinyunyiza maji kwa mkonga, jambo hilo la kuchekesha limepewa kazi ndogo kuliko lilivyostahili. Mchezo wenyewe uliuzwa dola 60 ulipotoka, mbali na bei ya mashine. Wengi wetu tutaujua kwa kukaa kando ya rafiki na kungoja zamu.

Babu zetu wa pwani wana bao, nalo halina toleo jipya. Mashimo ni 32, kete ni 64, na kinachobadilika ni mtu aketiye upande wa pili. Ule upya wauleta mwenyewe mezani. Mchezo wa video hauwezi hivyo. Njia za Mario zimechorwa na mtu mwingine, na ukizipita zote zimekwisha. Ndiyo sababu unahitaji kutolewa upya, na ndiyo sababu wanaoutoa hujaribiwa kila mara kurudisha kilekile kilicholipa jana.

Kitu kimoja hawakukigusa. Mwisho wa hatua bado ni mlingoti wa bendera, kama ulivyokuwa Septemba 1985, na bado Mario huudaka na kuteremka. Kuudaka kwenye ncha kulikuwa na alama 5,000 siku zile. Leo alama zimeondolewa, lakini ukifika nchani mchezo hukupa maisha mapya. Ukipata zamu yako, msomaji, kimbia tangu mbali, usisimame juu ya ngazi ya mwisho, na ushikilie kitufe mpaka mwisho.